Theluthi ya Mtu

Miongoni mwa vitabu vya kale vya Uchina kimo kimoja kiitwacho Sura Tisa za Hesabu. Kilikusanywa katika zama za watawala wa Han, na ndani yake mna maswali 246 juu ya mashamba, nafaka, kodi na ujenzi wa kuta.

Katika sura ya kwanza limo swali la ajabu. Watu 3 na theluthi ya mtu wanagawana fedha: sarafu 6 na theluthi, pamoja na robo tatu ya sarafu. Je, kila mtu atapata kiasi gani? Na huyo theluthi ya mtu ni nani? Kitabu hakisemi. Yamkini ni mtoto apewaye theluthi ya fungu la mtu mzima. Lakini mimi naona mwandishi alitaka tu mwanafunzi akutane na sehemu pande zote mbili, katika mali na katika wenye kuigawana.

Mwanafunzi wa leo hukimbilia kanuni: geuza ile ya pili, kisha zidisha. Ukimwuliza sababu, hunyamaza. Wachina walipita njia iliyo wazi zaidi. Fedha zote ni 85/12. Watu ni 10/3, yaani 40/12. Basi pande zote mbili zimekwisha katwa vipande vya namna moja, na ile 12 haina kazi tena. Gawanya 85 kwa 40, na kila mtu atapata 2 na thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Ndivyo afanyavyo mwenye duka apimapo kilo 3 za sukari katika mifuko ya robo kilo: huziona kilo 3 kuwa robo 12, akatayarisha mifuko 12, wala hageuzi kitu.

Mwaka 263 B.K. Liu Hui, mtu wa dola ya Wei, alikiandikia kitabu hicho maelezo. Alieleza kwamba kinachogawanywa kizidishwe kwa tarakimu ya chini ya kigawanyo, na kigawanyo kwa tarakimu ya chini ya kinachogawanywa. Humo ndimo kanuni yetu ilimojificha. Huko Bara Hindi ilitamkwa waziwazi: Brahmagupta aliiandika mwaka 628, na Mahavira katika karne ya 9. Igeuze 10/3 iwe 3/10, uzidishe kwa 85/12. Utapata 255/120, nayo ni 2 na thumuni ile ile.