Redio ya babu: adimu au kuukuu tu?

Bumu halijatoka, mfuko umekauka, ndiyo maana Jumamosi nilibeba redio ya marehemu babu, Philips, niliyotoka nayo Ukerewe, mpaka Mlango Mmoja nikatafute mteja. Nilijua cha kale dhahabu. Fundi akaigeuza, akacheka: "Dogo, uzee siyo uadimu."

Ikabidi nichimbe historia. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, redio nyingi zilikuwa za valvu: nzito, ghali, zinakula betri kubwa. Waliozimudu walikuwa wachache, kwa hiyo hizo ni adimu tangu kuzaliwa. Miaka ya 60 zikaja za transista, ndogo, za betri kavu, na kufikia miaka ya 70 zilikuwa zinaunganishwa hapahapa nchini: Philips Arusha, National Dar. Zikaenea mpaka visiwani.

Sasa mbona nzima hazionekani? Kwa sababu zilifanya kazi, jamani! Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu kama milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kujadili malaria, vyoo na maji safi. Sisi wa ualimu tunaisoma kama elimu ya watu wazima. Redio moja, kikundi kizima. Betri zikavuja zikala vyuma, mafundi wakanyofoa spea za hii kuokoa ile.

Kwa hiyo mkusanyaji anauliza matatu: zilitengenezwa ngapi, zimebaki ngapi, na hii ina vitu vyake vya asili? Ya babu imefeli swali la tatu. Spika siyo yake, kitufe cha stesheni siyo chake, mfuniko wa nyuma umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Fundi akasema elfu kumi na tano, tena ya spea.

Alipoufungua mfuniko, ndani kulikuwa na majina kumi na mawili kwa kalamu ya wino, mwandiko wa babu. Kikundi chake cha Mtu ni Afya. Wengi nimewahi kuonyeshwa makaburi yao. Fundi akasema huo wino unashusha bei, angeufuta kwa spiriti.

Nikafunga mpira wangu, nikapanda daladala.

Wadau, fungueni mfuniko kabla ya kuuza. Na mwenye elfu tano ya kunikopesha mpaka bumu litoke, anajua chumba changu.