RN1, kilalo cha Lufira na nyanya zetu

Muulize mtoto wa Panda RN1 inapita wapi, atakujibu: "Si ile ya kwenda Lubumbashi?" Ni kweli, lakini hicho ni kipande kidogo, kama kilomita 120. RN1 inaanzia Banana kwenye bahari, inapita Matadi, Kinshasa, Kananga, Mbuji-Mayi, inashuka Kolwezi, Fungurume, Likasi, Lubumbashi, inatokea Kasumbalesa. Zaidi ya kilomita 3,000.

Huku kwetu reli njo ilitangulia. Ilifika Élisabethville 1910, Kambove 1913, juu ya shaba. Muhindi hakuna aliyeufikiria. Union Minière ikajenga viwanda Panda na Shituru, na barabara ikafuata paka upande uleule wa madini.

Kati ya Likasi na Lubumbashi kuko mto Lufira na kilalo chake, ao daraja kama vitabu vinavyosema. Mwezi wa 9, 1961, Katanga ya Tshombe ikiwa imejitenga, askari wa Ireland zaidi ya 150, wa ONU, walizungukwa Jadotville (Likasi iliitwa vile mpaka 1966). Wenzao walitoka Élisabethville kuwaokoa, wakafika kwenye kilalo, wakashindwa kuvuka. Siku tano, maji na risasi vikaisha, wakakamatwa wote. Hakuna hata mmoja aliyekufa! ONU iliporudi na askari wa India, vilalo vilikuwa vimevunjwa. Wakavuka vilevile, wakaingia mjini tarehe 3 mwezi wa 1, 1963. Mwezi uleule kujitenga kukaisha.

Mimi nilisoma kilimo, njo maana hii barabara naiangalia kwa macho mengine. Mwaka jana nilisindikiza bamama wa kijiji kimoja upande wa Lufira na vikapu kumi vya nyanya. Kabla ya kugusa lami, tope asubuhi nzima. Kwenye lami, foleni ya makamio ya madini, na peaje tunalipa sisi pia. Tulifika Lubumbashi usiku, soko limefungwa. Vikapu vinne tulitupa.

Mama mmoja akaniuliza kwa nini lami haikugeuka hata kidogo upande wa mashamba. Nikamwelezea habari ya reli na shaba. Akacheka, akainama kuchagua nyanya zenye zilibaki nzima.