Nani anashika daftari la namba? Matangazo madogo, kutoka nguzo ya Kondele hadi mtego wa Mocality

Ukisimama chini ya daraja la juu la Kondele, Kisumu, saa kumi na moja jioni, pale barabara ya Kakamega inapokutana na ile ya Kibos, utaona nguzo ya stima iliyovishwa karatasi hadi kimo cha mtu. Bedsitter Manyatta, maji yapo. Fundi wa tangi. Mwalimu wa hesabu, anakuja nyumbani. Mganga kutoka mbali, anarudisha mpenzi aliyetoroka na mali iliyoibwa. Nyingine zimechanwa kwa chini vipande vyembamba kama meno ya kitana, kila jino lina namba ya simu, na mpita njia anang'oa moja na kwenda zake. Gazeti hili halina mhariri wala wenye hisa. Yeyote mwenye uji wa unga wa kubandikia anaweza kuchapisha, na kanjo wakizibandua karatasi Jumatatu, Jumanne nguzo imeshavaa tena.

Ukitembea kidogo kuelekea hospitali ambayo wengi bado wanaiita Russia, yuko fundi mmoja wa makochi. Nilimkuta akigongomea mbao.

"Omera, hiki cha watu watano unauzaje?"

"Hicho kimeshaenda, jaduong'. Mwenyewe alikiona kwa simu."

Akanionyesha simu yenyewe, kioo kimepasuka pembeni. Picha ileile ya kochi la rangi ya damu ya mzee alikuwa ameiweka mahali patatu: kwenye tovuti ya matangazo, kwenye kundi la Facebook la kuuza na kununua, na kwenye status yake ya WhatsApp. Kwenye tovuti alikuwa amelipa ili tangazo lipande juu. La bure, alisema, linazama kama jiwe. Asubuhi umeliweka, jioni hata wewe mwenyewe hulioni.

Tovuti hiyo inauza nini hasa? Kochi ni la fundi, na hata picha ni yake. Yenyewe ina orodha tu: nani anauza, yuko wapi, anapatikana kwa namba gani. Mwenye orodha ndefu ndiye anayetembelewa na wanunuzi, na walipo wanunuzi kila muuzaji hukimbilia huko, orodha ikazidi kurefuka. Nani atatangaza mahali pasipo watu? Ndiyo maana biashara hii huangukia mikononi mwa mmoja au wawili, na ndiyo maana ugomvi wake mkubwa kuliko wote hapa kwetu ulikuwa juu ya orodha.

Zamani orodha ilikuwa ya magazeti. African Standard, alilolianzisha A. M. Jeevanjee mjini Mombasa mwaka 1902, liliishi kwa matangazo, na Daily Nation iliyokuja mwaka 1960 ikafuata njia hiyohiyo. Mtu wa Kisumu aliyetaka kuuza Peugeot 504 yake aliandika maneno machache iwezekanavyo, kwa kuwa alitozwa kwa hesabu ya maneno. Nadhani huko ndiko "bei maelewano" ilikopata umaarufu wake. Asiye na fedha za gazeti alitegemea dalali, ubao wa posta, au redio, ingawa redio kwa upande wetu ilijulikana zaidi kwa matangazo ya vifo.

Mwaka 2009 kebo za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa. Intaneti ikaanza kushuka bei, na wenye mitaji wakaanza kuulizana: orodha ya biashara za Kenya iko wapi? Haikuwapo. Kitabu cha simu kilikuwa na namba za waya, ilhali kinyozi, mama mboga na muuza vipuri walikuwa kwenye simu za mkononi, na wengi wao hawakuwa na karatasi yoyote inayosema biashara yao iko duniani.

Kampuni iliyoamua kuwaandika iliitwa Mocality, mtoto wa kundi la Naspers la Afrika Kusini. Ilikuwa na mbinu nzuri. Badala ya kuajiri makarani, ilimwambia Mkenya yeyote mwenye simu: nenda mtaani kwako, andika jina la biashara, mahali ilipo na namba ya mwenyewe, tukithibitisha, tunakutumia pesa kwa M-Pesa. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, katika miaka miwili ililipa zaidi ya shilingi milioni 11 kwa maelfu ya watu, na biashara zilizoandikwa zikapita 100,000. Hebu ifikirie kazi hiyo. Kijana anapita kibanda kwa kibanda kwenye jua, anamuuliza mwenye duka jina na namba, na mwenye duka anamtazama kwa jicho la pembeni akidhani ametumwa na kanjo.

Septemba 2011 Google ikazindua mpango wake nchini, Getting Kenyan Businesses Online, ikishirikiana na kampuni kama Safaricom na Benki ya Equity. Mwenye biashara ndogo angepewa tovuti yake, mwaka wa kwanza bila malipo. Sina ugomvi na nia hiyo. Lakini ili umpe mtu tovuti lazima kwanza umpate, na ili umpate lazima uwe na namba yake.

Muda si mrefu Mocality ikaanza kupokea simu zisizoeleweka. Wateja walitaka kusaidiwa na tovuti zao, na Mocality haikuwa ikitengeneza tovuti. Mwanzoni ilidhaniwa watu wamechanganya majina. Novemba ikafika, mkanganyiko ukawa uko palepale. Wahandisi wakafungua kumbukumbu za mitambo yao, wakakuta anwani moja ya intaneti inayopitia kurasa za biashara moja baada ya nyingine, saa za kazi, kama karani anayenakili daftari la mwenzake.

Hawakupiga kelele. Mnamo Desemba 21, 2011 waliubadili mtambo ili mgeni huyo, na yeye peke yake, aonyeshwe kwenye sehemu ya kurasa hizo namba za kituo cha simu cha Mocality badala ya namba za wenye biashara. Kisha wakasubiri. Sijui kama mvuvi wa Dunga angeutega wavu vizuri zaidi. Simu zikaita. Mpigaji akajitambulisha kwamba anatoka Google Kenya, akaeleza kuwa Google na Mocality zinashirikiana, jambo ambalo halikuwa kweli, kisha akaanza kumshawishi mwenye duka akubali tovuti. Aliyekuwa upande wa pili akiitikia "ndiyo, endelea" hakuwa na duka lolote. Alikuwa mfanyakazi wa Mocality, na mazungumzo yalikuwa yakirekodiwa.

Januari 13, 2012 mkurugenzi mkuu wa Mocality, Stefan Magdalinski, akaanika mambo yote hadharani, sauti zikiwemo. Akaeleza pia kwamba upekuzi ule ulipokoma Nairobi ulijitokeza tena kutokea India. Nelson Mattos, makamu wa rais wa Google, akakiri kwamba watu waliokuwa kwenye mradi wa kampuni yake walitumia data ya Mocality isivyostahili, na wakasema uongo kuhusu uhusiano wa kampuni hizo mbili. Akaomba radhi bila masharti.

Kisa hicho husimuliwa kama cha Daudi na Goliathi. Mimi sikubaliani. Naspers ndiyo iliyonunua karibu nusu ya Tencent ya China mwaka 2001, uwekezaji uliokuja kuifanya mojawapo ya kampuni kubwa kabisa barani. Huyo si Daudi. Aliyekuwa mdogo kweli ni mwenye duka aliyeacha wateja wakisubiri ili asikilize ahadi za mtu aliyedanganya jinsi alivyoipata namba ya duka hilo, na kijana aliyezunguka juani kuiandika namba hiyo. Katika maelezo yote yaliyochapishwa wakati ule, hao wawili ndio waliosikika kidogo zaidi. Sheria ya Kulinda Data, ambayo leo ingeuliza nani alimruhusu nani kuitumia namba ile, ilipitishwa mwaka 2019.

Na Sheria ya Ushindani? Ilikuwapo, lakini kama mtoto wa siku arobaini. Ni Sheria Nambari 12 ya mwaka 2010, iliyoanza kufanya kazi Agosti 1, 2011, mwezi mmoja tu kabla ya mpango wa Google. Kwa hiyo kisa cha Mocality kiliadhibiwa kwa aibu. Mocality yenyewe ilifungwa mwaka 2013, na daftari lile la M-Pesa na vumbi likafungwa nayo.

Naspers ilikuwa na yai jingine kapuni. Tangu mwaka 2010 ilimiliki sehemu kubwa ya OLX, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2006 na Fabrice Grinda na Alec Oxenford. Tovuti yake ya hapa, Dealfish, ikavishwa jina la OLX, na tangazo la televisheni likaingia kila sebule. Kabla watu hawajatambua, jina likawa mzaha wa mtaani: ukichoka na rafiki, na timu yako au na mbunge wako, unatishia kumweka OLX. Kutangaza kulikuwa bure.

Bure hiyo ilikuwa na mlipaji, na mlipaji alikuwa Cape Town. Tovuti za wenyeji zilizotegemea ada ndogondogo zingeshindana vipi na mtu asiyetoza kitu, na ambaye ana fedha za kununua dakika za televisheni? Hata Nation Media Group, yenye magazeti, redio na televisheni, ilijaribu bahati yake kwa N-Soko na haikufua dafu. Pigiame ilibaki, ikaja kuwa chini ya Ringier One Africa Media. Kisha, Aprili 2019, ikatangazwa kwamba Jiji, kampuni iliyoanzia Nigeria mwaka 2014 ikiwa na waanzilishi kutoka Ukraine, inachukua biashara za OLX katika nchi 5: Nigeria, Ghana, Kenya, Tanzania na Uganda. Aliyefungua OLX akajikuta kwa Jiji. Muuzaji wa Kondele alihamishwa kama mpangaji ambaye nyumba imeuzwa naye yumo ndani.

Wazee wa ziwa wanakijua kisa cha samaki aitwaye mbuta. Aliingizwa ziwani miaka ya 1950, akala fulu wa kila rangi mpaka aina nyingi zikatoweka, na viwanda vya minofu vikanenepa. Sisemi Jiji ni mbuta. Kuwa mkubwa si kosa, na sheria yetu haisemi kwamba ni kosa. Inachokataza ni mkubwa kuutumia ukubwa wake vibaya. Shida ni kwamba huku kwetu ni nadra kusikia mtu akieleza, kwa biashara hii hasa, ubaya huo unaanzia wapi.

Brussels walieleza. Novemba 14, 2024 Tume ya Ulaya iliitoza Meta, wenye Facebook, faini ya yuro milioni 797.72 kwa ajili ya Marketplace, soko lao la matangazo madogo. Kosa la kwanza ni kulifunga soko hilo kwenye Facebook, hivyo kila mwenye akaunti analetewa soko atake asitake, jambo ambalo mshindani hana namna ya kuliiga. La pili linanigusa zaidi. Meta iliwawekea wenye tovuti nyingine za matangazo, waliokuja kutangaza kwenye Facebook na Instagram, masharti yaliyoiruhusu kutumia data itokanayo na matangazo yao kuinufaisha Marketplace. Yaani mshindani anakuja dukani kwako kununua, nawe unachungulia mfuko wake ujue pa kumshindia. Nairobi mwaka 2011 daftari lilinakiliwa kwa siri; kule Ulaya mwenye daftari alilileta mwenyewe, na akalipa. Meta ilisema itakata rufaa.

Mamlaka yetu ya Ushindani si kibogoyo. Julai 2014, baada ya Airtel kulalamika, Safaricom ililazimika kuliacha sharti lililowazuia mawakala wa M-Pesa kuhudumia mitandao mingine. Ndiyo sababu leo kibanda kimoja cha Kondele kinaweza kuwa na mabango mawili, la kijani na jekundu. Basi Mamlaka inaweza pia kuuliza tovuti za matangazo maswali mepesi: tangazo la bure linazamishwa kwa kanuni gani? Namba za wauzaji zinapelekwa wapi kampuni inapouzwa? Anayelipa ili apande juu analipia kitu gani hasa, na kwa muda gani?

Fundi wa makochi hajui majibu. Lakini analo daftari la kurasa 96, limefungwa kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, ambamo anaandika kwa kalamu namba ya kila aliyenunua kwake. Alilitoa chini ya mto wa kochi lisilomalizika, akaongeza namba ya mteja wa siku ile, akalirudisha.

Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ushindani kinairuhusu Mamlaka kuchunguza kwa hiari yake au kwa malalamiko ya mtu yeyote, na hakimtaki mtu huyo awe na kampuni. Kwa hiyo msomaji, ukitozwa kwa tangazo ambalo hukulielewa, au ukipigiwa simu na mtu anayedai anashirikiana na tovuti uliyojiandikisha, muulize jina, andika siku na saa, na ujumbe wa M-Pesa usiufute.