Portsmouth: Klabu iliyozamishwa na madeni kabla ya mabao

KLABU ya Portsmouth iliteremshwa daraja kutoka Ligi Kuu ya Uingereza (EPL) mnamo Aprili 10, 2010, bila hata kushuka uwanjani. Siku hiyo West Ham iliilaza Sunderland bao 1-0 jijini London, na matokeo hayo yakatosha kufuta matumaini yote yaliyosalia katika uga wa Fratton Park. Keshoye, vijana hao hao waliokwisha kushushwa ngazi waliingia Wembley wakaitandika Tottenham Hotspur 2-0 katika nusu-fainali ya Kombe la FA.

Siku hizo mbili ndizo muhtasari wa msimu wa 2009-10. Kikosi kilichoweza kuwabwaga wakubwa kilijikuta mkiani mwa ligi, na kiini cha balaa hiyo kilikuwa katika vitabu vya hesabu. Portsmouth ilikuwa klabu ya kwanza katika historia ya EPL kuwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi huru anayekabidhiwa kisheria shirika lililoshindwa kulipa madeni yake.

Klabu kongwe

Portsmouth, ambayo mashabiki wake huiita Pompey, iliasisiwa mwaka 1898 katika mji wa bandari ulio kusini mwa Uingereza, makao ya miaka mingi ya jeshi la majini la nchi hiyo. Ilitwaa Kombe la FA mwaka 1939, kisha ikawa bingwa wa ligi mara mbili mfululizo, katika misimu ya 1948-49 na 1949-50. Baadaye iliporomoka na kuhangaika katika madaraja ya chini kwa miongo kadhaa.

Ilirejea miongoni mwa vigogo mwaka 2003 ikiwa chini ya kocha Harry Redknapp na mmiliki Milan Mandaric. Mnamo 2006 klabu ilichukuliwa na Alexandre Gaydamak, na hapo ndipo milango ya matumizi makubwa ilipofunguliwa. Wachezaji wa haiba kama vile Sol Campbell, Sulley Muntari, Lassana Diarra, Glen Johnson, Jermain Defoe na Peter Crouch walivalia jezi ya buluu ya Pompey kwa nyakati mbalimbali.

Kilele kilifika Mei 17, 2008. Mshambulizi Nwankwo Kanu wa Nigeria alifunga bao la pekee lililoizamisha Cardiff City kwenye fainali ya Kombe la FA. Mnamo Novemba mwaka uo huo, Pompey ilitoka sare ya 2-2 na AC Milan ya Italia katika Kombe la UEFA. Mashabiki walidhani neema imewadia.

Chanzo cha maafa

Nyuma ya shangwe hizo, hesabu zilikuwa hazilingani. Fratton Park ni uwanja wa watu wapatao 20,000 tu, na mapato yake ya viingilio hayangeweza kulinganishwa na ya Manchester United au Arsenal. Hata hivyo, katika msimu ule wa ubingwa wa Kombe la FA, mishahara pekee ilimeza takriban pauni milioni 55 kati ya mapato ya pauni milioni 70 hivi. Pengo lilizibwa kwa mikopo.

Mtindo huo ulidumu maadamu mkopeshaji aliridhia kuendelea kukopesha. Msukosuko wa kifedha ulipoikumba dunia mwaka 2008, Gaydamak aliamua kuiuza klabu, na mnada wa wachezaji ukaanza. Muntari alikuwa amekwisha kwenda Inter Milan. Mnamo Oktoba mwaka huo Redknapp alihamia Tottenham. Januari 2009 Diarra aliuzwa Real Madrid, naye Defoe akamfuata kocha wake. Kufikia mwisho wa dirisha la uhamisho la kiangazi, Johnson alikuwa Liverpool, Sylvain Distin alikuwa Everton, nao Crouch na Niko Kranjcar walikuwa Tottenham.

Fedha zilizopatikana zilikwenda kulipa madeni ya zamani. Kocha Paul Hart alilazimika kuunda kikosi kwa wachezaji wa mkopo na wale waliopatikana kwa bei nafuu dakika za mwisho. Haikushangaza, basi, kwamba Pompey ilipoteza mechi zake saba za kwanza za ligi.

Wamiliki wanne, msimu mmoja

Msimu ulipoanza mnamo Agosti 2009, klabu ilikuwa mikononi mwa Gaydamak. Mwishoni mwa mwezi huo ilinunuliwa na Sulaiman Al-Fahim, mfanyabiashara wa Milki za Kiarabu. Wiki sita hazikupita kabla ya Al-Fahim kuachia sehemu kubwa ya hisa kwa Ali al-Faraj kutoka Saudi Arabia, ambaye kwa mashabiki wengi alibaki kuwa jina tu. Februari 2010 klabu ikaangukia mikononi mwa Balram Chainrai, mfanyabiashara wa Hong Kong. Chainrai alikuwa amemkopesha al-Faraj fedha, na mkopo uliposhindwa kulipwa, akaichukua klabu iliyokuwa dhamana yake.

Athari za vurugu hizo zilionekana kila kona. Mishahara ya wachezaji ilicheleweshwa zaidi ya mara moja. Mnamo Oktoba 2009 wasimamizi wa EPL waliipiga klabu marufuku ya kusajili wachezaji wapya. Hata sehemu ya fedha za haki za televisheni ilizuiliwa na kuelekezwa moja kwa moja kwa klabu nyingine zilizokuwa zikiidai Portsmouth malipo ya wachezaji.

Hart alipigwa kalamu Novemba 24, 2009, na nafasi yake ikatwaliwa na Avram Grant, kocha wa Israel aliyeifikisha Chelsea katika fainali ya Klabu Bingwa Ulaya mwaka 2008. Grant aliipa timu uhai. Mnamo Desemba Pompey ilizichapa Burnley na Liverpool, kila moja 2-0, ugani Fratton Park. Lakini mwezi huo huo mamlaka ya ushuru ya Uingereza iliwasilisha kesi mahakamani ikitaka klabu ivunjwe kwa kutolipa kodi. Katika dirisha la uhamisho la Januari, kipa Asmir Begovic aliuzwa Stoke City naye beki Younes Kaboul akapelekwa Tottenham.

Mnamo Februari 26, 2010 klabu ilikabidhiwa mrasimu Andrew Andronikou. Kwa kuwekwa chini ya mrasimu, iliepuka kuvunjwa na mahakama, lakini ilipokonywa pointi tisa mnamo Machi 17 kwa mujibu wa kanuni za ligi. Siku moja tu baada ya mrasimu kuingia, vijana wa Grant waliisafiria Burnley na kuibuka na ushindi wa 2-1.

Waliobeba mzigo

Wahenga walinena kuwa wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Mnamo Machi 2010 wafanyakazi 85 wa klabu walifutwa kazi. Hawa walikuwa watu wa ofisini na vibaruani, wasiokuwa na wakala wala mkataba wa mamilioni, na hakuna hata mmoja wao aliyeamua nani asajiliwe na kwa bei gani.

Orodha ya wadai ilipochapishwa, jumla ya deni ilikuwa zaidi ya pauni milioni 100. Kando ya mamlaka ya ushuru, benki na klabu kubwa, yalikuwemo majina ya wafanyabiashara wadogo wa mjini Portsmouth na hata shirika la St John Ambulance, ambalo watu wake wa kujitolea hutoa huduma ya kwanza viwanjani.

Hapa ndipo ilipojitokeza kanuni iliyozua hasira kubwa. Katika soka ya Uingereza, klabu iliyofilisika hutakiwa kuwalipa wachezaji na klabu nyingine madeni yao yote ndipo iruhusiwe kuendelea kushiriki ligi. Wadai wengine hugawana kinachobaki. Mnamo Juni 2010 wadai wa Portsmouth waliidhinisha mpango wa kulipwa peni 20 kwa kila pauni waliyodai. Kwa hivyo, mchezaji nyota angepata haki yake kamili ilhali mwenye duka la mtaani angepoteza sehemu nne kwa tano za jasho lake.

Mamlaka ya ushuru ilipinga mpango huo mahakamani ikashindwa mnamo Agosti 2010. Ilirudi tena kuipinga kanuni yenyewe, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ikaamua kwamba si haramu. Badiliko lilikuja kwa njia nyingine: tangu Desemba 2020, sheria ya Uingereza huipa mamlaka hiyo kipaumbele cha kulipwa baadhi ya kodi shirika linapofilisika.

Kikosi cha Afrika

Wapenzi wa soka barani Afrika walikuwa na sababu ya kuifuatilia Pompey. Katika kikosi hicho walikuwemo Kanu na John Utaka wa Nigeria, Kevin-Prince Boateng aliyekuja kuichezea Ghana, Aruna Dindane wa Ivory Coast, Aaron Mokoena wa Afrika Kusini, na Nadir Belhadj na Hassan Yebda wa Algeria. Wote hao walitajwa katika vikosi vya mataifa yao kwenye Kombe la Dunia la 2010 nchini Afrika Kusini. Timu iliyovuta mkia katika EPL ilikuwa na wachezaji katika mataifa matano kati ya sita yaliyowakilisha Afrika.

Yebda ndiye aliyefunga bao la ushindi wa kwanza wa ligi, ugenini dhidi ya Wolves mnamo Oktoba 3, 2009. Dindane alipachika mabao matatu peke yake Wigan ilipozabwa 4-0 mwishoni mwa mwezi huo. Machi 20, 2010 Kanu aliizamisha Hull City 3-2 dakika ya 89.

Katika Kombe la FA, Pompey iliwacharaza mahasimu wao wa jadi Southampton 4-1, kisha ikaiondoa Birmingham City. Katika nusu-fainali ilikumbana na Tottenham ya Redknapp, klabu iliyokuwa imewachukua Defoe, Crouch, Kranjcar na Kaboul. Frederic Piquionne alifunga katika muda wa ziada, naye Boateng akapigilia msumari wa mwisho kwa penalti. Fainali ilichezwa Mei 15, 2010 dhidi ya Chelsea, waliokuwa wamekwisha kutawazwa mabingwa wa ligi. Chelsea waligonga mihimili ya lango mara tano katika kipindi cha kwanza, kipa Petr Cech akapangua penalti ya Boateng baada ya mapumziko, na frikiki ya Didier Drogba ikaamua mchuano kwa bao 1-0.

Kwa kuwa Chelsea walikuwa wanaelekea Klabu Bingwa Ulaya, Portsmouth wangestahili tiketi ya Ligi ya Uropa. Walinyimwa leseni kutokana na hali yao ya kifedha, na nafasi hiyo ikawaendea Liverpool.

Katika ligi, Pompey walishinda mechi saba, wakatoka sare saba na kupoteza 24. Walimaliza na pointi 19. Hata wasingepokonywa zile tisa, wangekuwa na 28, mbili chini ya Hull na Burnley walioshuka pamoja nao. Adhabu haikuwashusha, walishushwa na kikosi kilichobomolewa ili kulipa madeni.

Dawa ya deni

Somo halikueleweka mara moja. Portsmouth iliangukia tena kwa mrasimu Februari 2012, ikashuka hadi daraja la tatu mwaka huo na la nne mwaka 2013. Ndani ya miaka mitatu, mabingwa wa Kombe la FA wa 2008 walikuwa wameporomoka madaraja matatu.

Wokovu ulitoka kwa mashabiki. Zaidi ya watu 2,000 walichangia kupitia mfuko wa wafuasi, hisa moja ikiuzwa kwa pauni 1,000, na mnamo Aprili 2013 wakainunua klabu yao. Dawa ya deni ni kulipa. Mwaka 2014 klabu ilitangaza kwamba imemaliza kulipa madeni iliyorithi kutoka zama za misukosuko. Ilitwaa ubingwa wa daraja la nne mwaka 2017, na mwaka huo mashabiki wakapiga kura kumuuzia Michael Eisner, aliyewahi kuwa mkuu wa kampuni ya Disney. Mwaka 2024 Pompey ilinyakua taji la daraja la tatu na kurejea katika daraja la pili.

Julai 2025 Uingereza ilipitisha sheria ya kuunda chombo huru cha kusimamia soka, chenye mamlaka ya kuwapiga msasa wanaotaka kumiliki klabu na kukagua hesabu zao. Sheria hiyo ilifika miaka 15 baada ya klabu moja kubadilisha wamiliki wanne katika msimu mmoja, na wafanyakazi 85 kupoteza riziki kwa madeni ambayo hawakuyakopa.