Fasihi na Lango la Chuo Kikuu: Kutoka Cambridge Hadi KCSE

Utangulizi

Mwalimu wa Kiswahili katika Kidato cha Nne hutumikia mabwana wawili. Anatarajiwa kuwafunza wanafunzi wake kusoma na kuhakiki kazi za fasihi. Papo hapo anatarajiwa kuwavusha hadi chuo kikuu. Imedaiwa mara nyingi kwamba bwana wa pili amemmeza wa kwanza, yaani mtihani umeua usomaji. Makala haya yanalichunguza dai hilo kwa kufuata historia ya mtihani wenyewe. Tutaona kwamba mtihani unaolaumiwa ndio uliotia riwaya ya Kiswahili mikononi mwa mwanafunzi wa kawaida nchini Kenya. Kilichodhoofisha usomaji ni namna tulivyochagua kujiandaa kwa mtihani huo.

Kutoka lango la ng'ambo hadi la nyumbani

Enzi ya ukoloni, mwanafunzi wa shule ya upili alifanya mtihani uliotungwa na kusahihishwa chini ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Aliyetaka kusonga mbele alihitaji cheti hicho, na Kiingereza ndicho kilichotawala safari nzima. Baada ya uhuru, Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967 na kuipokea kazi hiyo hatua kwa hatua. Tanzania ilijitoa katika baraza hilo mwanzoni mwa miaka ya sabini, na mwaka 1980 Kenya ikaunda Baraza lake la Kitaifa la Mitihani (KNEC).

Wakati huo malango yalikuwa mawili: mtihani wa Kidato cha Nne, na ule wa Kidato cha Sita uliofungua mlango wa chuo kikuu. Kiswahili hakikuwa cha lazima. Mwanafunzi aliweza kumaliza shule ya upili na kuingia chuoni bila kusoma hata tamthilia moja ya Kiswahili. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilikuwa imependekeza Kiswahili kipewe hadhi ya somo la lazima, lakini pendekezo peke yake halijazi darasa.

Lazima iliyozaa wasomaji

Mabadiliko makubwa yalitokana na Tume ya Mackay ya mwaka 1981. Mfumo wa 8-4-4 ulianzishwa mwaka 1985, Kidato cha Tano na cha Sita vikaondolewa, na Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. KCSE ya kwanza ilifanywa mwaka 1989, na watahiniwa wake waliofaulu wakaingia vyuo vikuu mwaka 1990.

Uzito wa jambo hili haujasemwa vya kutosha. Malango mawili yaligeuka moja. Mtihani mmoja wa Kidato cha Nne ndio ulioamua nani atasomea shahada, na kiwango cha chini kikawa wastani wa C+. Kwa miaka mingi hata C+ haikutosha, kwa kuwa nafasi katika vyuo vya umma zilikuwa chache. Basi kila alama ilikuwa na thamani, zikiwemo za Kiswahili. Mtahiniwa wa Lodwar na wa Lamu, atakaye udaktari na atakaye ualimu, wote walilazimika kusoma fasihi ya Kiswahili.

Waandishi na wachapishaji walipata wasomaji ambao hawangepatikana kwa njia nyingine. Riwaya kama Utengano ya Said Ahmed Mohamed na Siku Njema ya Ken Walibora, na tamthilia kama Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, zilijulikana katika vijiji ambavyo havina duka la vitabu. Ni mtihani uliozifikisha huko.

Mwongozo unapochukua nafasi ya kitabu

Lakini lazima hiyohiyo ilizaa biashara nyingine. Palipo na vitabu teule, hapakosi miongozo: vijitabu vinavyofupisha kila sura, kuorodhesha maudhui, kutaja sifa za wahusika na kubainisha mbinu za uandishi. Yakaja pia maonyesho ya jukwaani ya vitabu teule, yanayozungushwa shuleni kwa malipo. Haya yote si mabaya kwa asili yake. Mwongozo ni kama fimbo ya mpanda mlima, humsaidia anayepanda. Tatizo huja mwanafunzi anapoinunua fimbo na kubaki bondeni.

Wako wanafunzi wanaofika chumba cha mtihani wakiwa wamesoma mwongozo mara tatu na kitabu chenyewe nusu. Husema wamejiandaa. Je, mtihani wenyewe unawaunga mkono?

Swali linadai nini?

Karatasi ya tatu ya Kiswahili (102/3) ina alama 80 kati ya 200 za somo zima. Mtahiniwa hupewa saa mbili na nusu kujibu maswali manne ya alama 20 kila moja. Moja ni la lazima. Yanayosalia huchaguliwa kutoka sehemu tofauti za riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi. Swali la lazima huhamahama kati ya sehemu hizo, kwa hiyo anayeiacha sehemu moja anacheza kamari.

Tutazame swali la dondoo. Mtahiniwa huombwa aeleze muktadha wa maneno fulani kwa alama nne: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na ni kisa gani kilichosababisha usemi huo. Hapa orodha ya maudhui haimfai kitu. Mwongozo humwambia kwamba Kifo Kisimani inazungumzia usaliti. Haumpi sauti ya Gege wala ya Mwelusi nduguye, ambayo angeitambua kwa kuyasoma mazungumzo yao.

Hali ni hiyo katika maswali marefu. Mwongozo wa Utengano utasema Maksuudi ni mnafiki na dhalimu. Mtahiniwa ataandika maneno hayo, kisha atakwama anapotakiwa kuyathibitisha. Aliyeisoma riwaya anajua kwamba mtu huyu anajionyesha mwenye heshima mbele ya umma ilhali mkewe Tamima na bintiye Maimuna amewafungia ndani ya nyumba. Anajua pia kwamba Maimuna anapotoka anaingia katika ulimwengu ambao hakufunzwa kuukabili. Huyu ana hoja na ana mfano, na alama hutolewa kwa hoja iliyothibitishwa.

Kwa hiyo, karatasi hii haikuwahi kumkataza mtu kusoma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na karatasi yenyewe inamtaka ainame.

Lazima inapolegea

Suala hili si la kihistoria tu. Kuanzia matokeo ya KCSE ya mwaka 2023, wastani wa gredi hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja kati ya Kiingereza, Kiswahili na Lugha ya Ishara ya Kenya, pamoja na masomo matano aliyofanya vyema zaidi. Awali, Kiswahili na Kiingereza vyote vilihesabiwa. Sasa mtahiniwa anaweza kuanguka Kiswahili na bado apate wastani wa kumpeleka chuoni.

Tena, kundi la mwisho la 8-4-4 liliingia Kidato cha Kwanza mwaka 2024 na linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Katika sekondari ya juu ya mtaala mpya, Kiswahili ni somo la msingi ilhali Fasihi ya Kiswahili ni somo la kuchagua. Tunarudi, kwa namna fulani, katika hali ya kabla ya 1985, ambapo mwanafunzi aliweza kufika chuo kikuu bila kukutana na riwaya ya Kiswahili kwa undani.

Hitimisho

Kwa zaidi ya miaka thelathini, mtihani umetuletea wasomaji darasani bila sisi kuwabembeleza. Mwalimu aliyewazoesha wanafunzi wake mwongozo pekee hatakuwa na cha kuwavutia lazima itakapoisha, kwani hakuna achaguaye somo la kukariri orodha.

Mwalimu mwenzangu, muhula wa kwanza uwe wa kitabu chenyewe, kisomwe kwa sauti darasani, wanafunzi wakigawana sehemu za wahusika. Dondoo zitungwe na wanafunzi wenyewe, wakiulizana muktadha. Mwongozo usubiri hadi wamalize, wausome kwa kuusahihisha. Nawe mtahiniwa, ukikumbana na sifa ya mhusika katika mwongozo, itafutie ukurasa kitabuni. Ukiukosa, usiiandike. Ukiupata, utakuwa umejiandalia mtihani, na utakuwa umesoma fasihi.