Subaru au Evo? Vita ya Miaka Sita Iliyopiganwa Kwenye Vumbi la Kwetu

Kuna ubishi ambao hauishi vijiweni, kuanzia Kinondoni mpaka Mbekenyera kule Ruangwa. Ni kama Simba na Yanga tu. Subaru Impreza au Mitsubishi Lancer Evolution, ipi ndinga kali? Kila upande una video zake, kila upande una fundi wake wa kumuapia, na hakuna anayekubali kushuka.

Wengi wanadhani jibu liko Japan au Ulaya. Kumbe sehemu kubwa ya jibu iliandikwa hapa hapa Afrika Mashariki, kwenye Safari Rally. Twende taratibu, mwaka kwa mwaka.

Kabla ya Evo kulikuwa na Simba

Safari ilianza mwaka 1953, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Haikuwa mbio za kuzunguka uwanja. Ilikuwa ni barabara za kawaida za watu: mashimo, mito iliyofurika, ng'ombe, malori na vumbi la kukufumba macho.

Mwaka 1974 Mkenya Joginder Singh, aliyeitwa Simba wa Kenya, alishinda akiwa na Mitsubishi Colt Lancer 1600 GSR. Ule ndio ulikuwa ushindi wa kwanza kabisa wa Mitsubishi kwenye mbio za ubingwa wa dunia. Soma tena hapo. Kampuni ya Kijapani ilionja utamu wa dunia kwa mara ya kwanza kupitia dereva wa Kenya, kwenye tope la Kenya. Mwaka 1976 Joginder akarudia, na Lancer zikashika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Kwa hiyo mtu wa Evo akikwambia jina la Lancer lina mizizi huku kwetu, hadanganyi.

1992: mapacha wanazaliwa

Mwaka 1992 Mitsubishi ilitoa Lancer Evolution ya kwanza. Mwaka huo huo Subaru ikatoa Impreza WRX. Zote mbili zilikuwa na injini ya lita 2, silinda nne, turbo, na nguvu inayokwenda kwenye tairi zote nne. Ukisoma kwenye karatasi utadhani ni gari moja yenye nembo mbili.

Ila ndani zilikuwa tofauti kabisa. Injini ya Subaru, EJ20, imelala. Pistoni zake zinapigana ngumi kulia na kushoto badala ya kupanda na kushuka. Faida yake ni kwamba uzito unakaa chini, gari inashika kona bila kuyumba sana. Na ule mlio wake wa kukoroma unaotambulika mtaa wa pili unatokana na mabomba ya ekzosi yenye urefu usiolingana. Injini ya Evo, 4G63, imesimama kawaida, na mafundi wanaipenda kwa sababu chuma chake ni kigumu na kinavumilia kuongezewa nguvu. Baadaye, kuanzia Evo IV ya mwaka 1996, Mitsubishi waliweka mfumo unaogawa nguvu kati ya tairi mbili za nyuma ili gari ijikunje yenyewe kwenye kona.

Kwa nini viwanda vilijisumbua kuuza gari kali namna hiyo kwa watu wa kawaida? Sheria iliwabana. Ili gari iruhusiwe kushindana kwenye kundi la A, kiwanda kilipaswa kutengeneza gari 2,500 za aina hiyo za kuuza. Bila mbio za vumbini, hizo ndinga zisingekuwepo mtaani.

Sasa matokeo

Mwaka 1994 Mkenya Patrick Njiru aliiendesha Impreza mpaka nafasi ya nne kwenye Safari. Hakuwa na bajeti ya Wazungu, lakini alimaliza. Mwaka huo mshindi alikuwa Mkenya mwingine, Ian Duncan, akiwa na Toyota Celica. Halafu vita yenyewe ikaanza.

1996: Tommi Mäkinen wa Finland anashinda Safari na Evo III. Mitsubishi 1, Subaru 0.

1997: Colin McRae wa Scotland anashinda na Impreza. Ni ushindi wa kwanza wa Subaru kwenye Safari baada ya miaka mingi ya kujaribu. Moja kwa moja.

1998: Richard Burns wa Uingereza anashinda na Mitsubishi Carisma GT. Usibabaike na jina, ile ilikuwa Evo iliyobandikwa jina la biashara la Ulaya. Mitsubishi 2, Subaru 1.

1999: wote wanapigwa bao. McRae amehamia Ford, na Focus yake inachukua kombe.

2000: Burns anashinda tena, safari hii na Subaru Impreza. Mbili mbili.

2001: Mäkinen anafunga hesabu na Evo. Mitsubishi 3, Subaru 2.

Mashabiki wa Evo wanaweza kuishia hapo na kuanza kushangilia. Na kuna jambo jingine litakalowauma zaidi watu wa Subaru: Impreza zote mbili zilizoshinda Safari zilikuwa na bodi ya milango miwili. Ukihesabu gari za milango minne tu, sedani zenyewe zinazobishaniwa kijiweni, Evo ina 3 na Subaru ina 0.

Ila subiri kwanza. Tukienda kwenye dunia nzima hesabu inageuka. Ubingwa wa viwanda Subaru ilibeba mara tatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997. Mitsubishi ilibeba mara moja tu, 1998. Ubingwa wa madereva, Mäkinen aliipa Mitsubishi mataji manne mfululizo kuanzia 1996 hadi 1999. Subaru ikapata matatu: McRae 1995, Burns 2001, Petter Solberg 2003. Mwaka 1997 Mäkinen alimzidi McRae kwa pointi moja tu, 63 kwa 62. Pointi moja! Ubishi wa leo ungekuwa na sura nyingine kabisa.

Mtu mmoja, gari mbili

Angalia tena ile orodha ya Safari. Kuna jina linajirudia pande zote mbili: Richard Burns. Mwaka 1998 alishinda na Mitsubishi, mwaka 2000 akashinda na Subaru. Barabara ni zile zile, msoma ramani ni yule yule, Robert Reid. Kilichobadilika ni gari.

Mäkinen naye, mfalme wa Evo, alihamia Subaru mwaka 2002 na akashinda Monte Carlo mwaka huo huo. Mwaka 2010 Subaru walitaka kuonyesha ukali wa WRX STI kwenye uwanja wa Nürburgring, Ujerumani. Wakampa usukani nani? Mäkinen huyo huyo. Alizunguka kwa dakika 7 na sekunde 55. Baadaye akaja kuiongoza timu ya Toyota, na Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Toyota ndiyo iliyoshinda.

Kwa hiyo wale wenyewe waliozijua gari hizi kwa mikono yao hawakuwa na timu ya kufia. Waliheshimu kilichopo mbele yao.

Siri ilikuwa kumaliza

Zama zile Safari ilikuwa na zaidi ya kilomita 1,000 za ushindani. Gari ya kuruka hovyo ilikuwa inaacha shokapu njiani. Gari zilinyanyuliwa juu, zikawekewa bomba la kuvutia hewa kwa ajili ya mito na chuma mbele kwa ajili ya wanyama. Mshindi hakuwa lazima mwenye mbio kuliko wote. Alikuwa yule aliyejua wapi pa kukanyaga mafuta na wapi pa kuachia.

Na kuna kitu ambacho video fupi za mtandaoni hazikionyeshi vizuri. Barabara za Safari wakati ule hazikuwa zimefungwa. Ndiyo maana timu kubwa zilikuwa na helikopta juu ya gari, na mtu ndani yake akimwambia dereva kwa redio: kuna lori, kuna ng'ombe, kuna watoto. Bingwa wa dunia, mwenye breki za mamilioni na mkanda wa kumfunga kila upande, bado alihitaji jicho angani la kumwambia nyuma ya kona kuna nini.

Sasa njoo mtaani. Msimu wa korosho ukiwa mzuri, kijana anavuta Impreza iliyotumika. Mara nyingi ni ile ya injini ya 1.5, haina turbo. Anakata ekzosi, anabandika nembo ya STI, halafu anaikanyaga kwenye lami usiku. Pale mbele kuna mama na baiskeli isiyo na taa, kuna bodaboda imebeba magunia mawili ya ufuta, kuna mbuzi. Helikopta haipo. Msoma ramani ni mshkaji wake anayerekodi kwa simu.

Hapo ndipo ubishi wa Subaru na Evo unapogeuka kuwa msiba. Sifa zile zilipatikana kwa maandalizi: tairi mpya, breki zilizokaguliwa, barabara iliyosomwa mapema, daktari wa kusubiri. Ukichukua mlio peke yake na kuacha vingine vyote, umechukua sehemu rahisi kuliko zote.

Mwenye hamu ya kukimbiza anazo njia. Kenya kuna mashindano ya KiambuRing, ambako gari zinapambana na saa kwenye lami iliyofungwa. Tanzania nayo ina mbio zake za magari, na kijana anaweza kuanzia kwenye timu kama fundi au msoma ramani kabla hajashika usukani.

Hukumu

Kwenye Safari, Evo imeshinda kwa goli moja. Kwenye ubingwa wa viwanda, Subaru iko juu. Kwenye ubingwa wa madereva, Mitsubishi iko juu, kwa nguvu za mtu mmoja kutoka Finland. Ukilazimisha jibu la neno moja kwa vumbi la kwetu, ni Evo, kwa kidogo sana.

Leo zote mbili ni historia. Mitsubishi iliacha mbio za dunia baada ya msimu wa 2005 na Evo haitengenezwi tena. Subaru ilijitoa mwishoni mwa 2008. Burns alifariki mwaka 2005 kwa uvimbe kwenye ubongo, akiwa na miaka 34. McRae alifariki mwaka 2007 kwenye ajali ya helikopta, akiwa na miaka 39. Wanaume waliopita kilomita elfu za mashimo ya Safari wakatoka wazima, maisha yao yakakatika mapema hivyo.

Heshima kwao. Na wewe unayesoma ukiwa na funguo mfukoni, mtaani kwenu hakuna atakayekupa kombe kwa kufika dakika tano mapema. Fika tu.

Haya, timu Subaru na timu Evo, uwanja ni wenu hapo chini. Njooni na hoja, matusi yaacheni nyumbani.