Vita Vilivyobebwa Vichwani

Ewe msomaji, chukua ramani ya Afrika ya Mashariki, uufuate kwa kidole mpaka ulio baina ya Kenya na Tanzania. Utaona kwamba waanza pwani karibu na mlango wa mto Umba, wakata nyika kana kwamba umepigwa kwa rula, wafika Kilimanjaro na kuuzunguka mlima kwa upande wa kaskazini, kisha wanyooka tena mpaka ziwa Victoria. Mstari huo haukuchorwa na Wadigo, wala Wamasai, wala Wakuria, ambao hata leo wanaishi pande zake zote mbili. Ulichorwa na Waingereza na Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, katika mapatano yao ya mwaka 1886. Miaka ishirini na minane baadaye, hao hao waliouchora waliuvuka wakiwa na bunduki. Natutazame kwa nini vita hivyo vilifika huku, kwa nini vilidumu, na ni nani aliyelipa gharama yake.

Asili ya vita ilikuwa Ulaya. Ujerumani ilikuwa dola changa iliyochelewa kuingia katika mbio za kutafuta makoloni, nayo ikajenga manowari nyingi ili isipitwe. Uingereza, ambayo utajiri wake wote ulipita baharini, ikaziona manowari hizo kuwa ni kisu kilichowekwa shingoni. Kila dola ikajifunga na marafiki zake kwa mikataba, hata ikawa akianguka mmoja huvuta wote. Mrithi wa ufalme wa Austria alipouawa mjini Sarajevo tarehe 28 Juni, 1914, kamba hiyo ilivutwa, na tarehe 4 Agosti Uingereza ikatangaza vita juu ya Ujerumani. Hakuna jambo lililotokea Tanga au Mombasa lililouwasha moto huo.

Basi, je, ilikuwa lazima moto ufike kwetu? La. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ulikuwa umeacha mlango: nchi za bonde la Kongo na jirani zake zingeweza kukaa nje ya vita vya Ulaya. Gavana wa Kiingereza, Henry Belfield, na Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, wote wawili hawakutamani vita. Lakini mlango huo ulifungwa na mambo mawili. La kwanza lilikuwa bahari. Dar es Salaam palikuwa na kituo cha simu ya upepo, na manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikuwa ikizunguka katika Bahari ya Hindi. Waingereza wakahofia meli zao, na tarehe 8 Agosti wakaupiga mizinga mji huo. La pili lilikuwa mtu. Mkuu wa majeshi ya Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliona kwamba kila askari wa Kiingereza atakayemfukuza katika pori za Afrika ni askari mmoja aliyepungua katika uwanja wa Ulaya. Kwa hiyo hakutaka amani, wala hakutumaini kuitwaa Afrika. Alitaka kuwachosha adui zake tu. Tarehe 15 Agosti watu wake wakaiteka Taveta.

Mwezi wa Novemba 1914 Waingereza walileta kutoka Bara Hindi jeshi la watu wapatao 8,000, wakalishusha Tanga. Waliokuwa wakiwangojea walikuwa kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Walakini Waingereza walishindwa, wakarudi melini mbio, wakaacha ufuoni bunduki nyingi na risasi 600,000, ambazo Lettow alizitumia kuwapigia wao wenyewe. Mwaka 1916 alikuja Jenerali Smuts kutoka Afrika ya Kusini na jeshi kubwa zaidi. Kabla mwaka haujaisha Moshi, Tanga na Dar es Salaam zilikuwa mikononi mwake, na Wabelgiji waliotoka Kongo walikuwa wameitwaa Tabora. Ungedhani vita vimekwisha. La hasha! Lettow alijitoa kila alipotaka kuzingirwa, akaenda kusini, akavuka Ruvuma kuingia nchi ya Wareno mwezi wa Novemba 1917, akazunguka na kurudi, mwisho akaingia Rhodesia ya Kaskazini. Alisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba, 1918, majuma mawili baada ya vita kukoma Ulaya. Alikuwa na Wazungu 155 na askari Waafrika 1,168. Kwao alipokewa kama shujaa asiyeshindwa.

Hapa ndipo vitabu vingi hukomea. Lakini wewe usikome hapo, maana swali kubwa bado halijajibiwa: majeshi hayo yalikula nini, na chakula chao kililetwa na nani?

Reli zilikuwa chache, na barabara za magari hazikuwapo, au zilizama matopeni wakati wa mvua. Farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Hakikubaki chombo ila kichwa cha mwanadamu. Sasa fanya hesabu ndogo pamoja nami. Tuseme mpagazi abeba ratili 60 za unga, naye ala ratili mbili kila siku. Akienda mwendo wa siku kumi na kurudi siku kumi, atakula ratili 40 njiani. Zitakazofika kwa jeshi ni ratili 20, yaani chakula cha askari mmoja kwa siku kumi. Mtu mmoja atembea siku ishirini ili mwingine ale siku kumi! Na jeshi likizidi kusonga mbele, ndivyo wapagazi wanavyozidi kuhitajiwa, hata ikawa wengi wao wanabeba chakula cha wapagazi wenzao.

Kwa sababu hiyo Waingereza waliunda jeshi la wapagazi, wakaliita Carrier Corps. Mwanzoni walitafuta watu wa kujitolea. Walipokosa, wakatumia nguvu. Mwaka 1917 machifu waliamriwa kutoa vijana wilaya baada ya wilaya, na wengi walikamatwa usiku wakiwa wamelala. Ukikusanya waliotwaliwa upande wa Waingereza katika nchi zote, idadi yao hufika kama milioni moja. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa kwa malaria, kwa kichomi, na zaidi kwa kuhara damu. Mganda aliyezoea ndizi alipewa unga wa mahindi usioiva vizuri, na tumbo lake halikuuweza. Mtu wa milimani alipelekwa katika mabonde ya homa bila blanketi la kutosha. Kumbukumbu za serikali zahesabu zaidi ya 40,000 waliokufa kutoka Kenya ya leo na jirani zake, na wako waliokufa bila kuandikwa.

Upande wa Wajerumani mambo hayakuwa bora. Wao nao walikamata wapagazi, na majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe na nafaka za wenyeji bila kuuliza watabaki na nini. Ugogo palitokea njaa kali iliyoitwa Mtunya. Kisha, mwaka 1918, ikaja homa ya mafua iliyoenea dunia nzima, ikawakuta watu waliokwisha kudhoofika.

Tunasema wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Methali hiyo ni ya kweli, lakini kwa vita hivi haitoshi. Hapa nyasi hazikukanyagwa tu; zilifanywa pia ziwabebe tembo mgongoni.

Na matokeo yake yalikuwa nini? Kwa mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake yote. Wabelgiji walipewa Ruanda na Urundi. Wareno walipewa pembe ndogo ya Kionga. Nchi iliyobaki ikawa chini ya Waingereza, ikaitwa Tanganyika. Mwafrika hakuulizwa. Hata hivyo, Tanganyika haikupewa Uingereza iwe mali yake, bali iwe amana chini ya Shirikisho la Mataifa, na amana hiyo ilikuja kuwafaa wananchi walipodai uhuru wao, wakaupata mwaka 1961.

Kenya ilikuwa ya mshindi, nayo ilipata nini? Mwaka 1919 serikali ilianza kugawa mashamba kwa askari wa Kizungu waliotoka vitani. Askari na mpagazi Mwafrika hakupewa hata shamba moja katika mgawo huo. Alipewa kipande cha kuvaa shingoni. Mwaka 1920 nchi ikatangazwa kuwa koloni. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa haikuwafikia jamaa zao, ikabaki hazinani. Manung'uniko juu ya kodi, kipande na kazi za shuruti yakapata msemaji, Harry Thuku. Na alipokamatwa mwezi wa Machi 1922, watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi, wakafa zaidi ya ishirini. Hivyo mshindi alivuna vita kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akapanda madai ya uhuru.

Ukipita Kariakor, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam, kumbuka kwamba unatamka jina la jeshi lile la wapagazi, lililolainishwa na ndimi zetu. Wanunuzi wanapiga bei, magari yanapiga honi, na ni wachache wajuao. Basi kila usomapo habari za vita, usitosheke na kujua nani alishinda na nani alishindwa. Uliza pia: mzigo ulibebwa na nani, na alipofika nyumbani, ikiwa alifika, alipewa nini? Asiyeuliza hivyo amesoma nusu tu ya historia, na hiyo nusu ni ile iliyoandikwa na waliopanda farasi.